Fedha za Kumsomesha Bwana Shamba: Mafunzo ya Kilimo Endelevu Mbulu na Hanang

Neno ruzuku, katika masikio ya wakulima wengi wa Tanzania, humaanisha mfuko wa mbolea au wa mbegu unaouzwa kwa bei pungufu kwa sababu serikali imebeba sehemu ya gharama. Lakini katika ofisi za halmashauri, vyuo na mashirika, neno hilohilo lina maana ya pili, nayo ni fedha inayotolewa kwa kazi maalumu bila kudaiwa irejeshwe, tofauti na mkopo, ingawa mpokeaji hufungwa na masharti ya kuitumia kama ilivyoandikwa na kutoa taarifa kwa tarehe zilizowekwa. Ruzuku ya namna hii ya pili ndiyo ambayo kwa zaidi ya nusu karne imewasomesha maafisa ugani, yaani wataalamu wa kilimo na mifugo waliowekwa karibu na mkulima, ambao vijijini bado huitwa bwana shamba na bibi shamba hata kama barua zao za ajira zina vyeo vingine. Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zinafaa sana kuichunguza fedha hiyo, kwa kuwa ndani ya mwendo mfupi zimekaa pamoja mashamba yaliyotunzwa kwa vizazi bila mfadhili yeyote na mashamba yaliyoanzishwa kwa mojawapo ya misaada mikubwa ya kilimo iliyowahi kuingia nchini.

Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi 1969, Hanang ilipomegwa kutoka Mbulu, na zote zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipoundwa mwaka 2002. Nyanda za juu za Mbulu hufika mita 2,000 na kuzidi juu ya usawa wa bahari, zina baridi na mvua ya kuaminika kiasi, na ndizo zinazotoa kitunguu saumu ambacho wafanyabiashara wa masoko ya mbali hukitaja kwa jina la wilaya. Kutoka hapo ardhi huporomoka kuelekea bonde kame la Yaeda Chini, wanakoishi Wahadzabe, na kusini husambaa katika tambarare za Basotu na Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Wairaqw, Wabarabaig, Wahadzabe, Wanyaturu na Wanyiramba wanaoishi humo huzungumza lugha za jamii nne tofauti kabisa, jambo lenye uzito wake katika mafunzo, kwa sababu mtaalamu huhitimu chuo kikuu kwa Kiingereza, hufundisha kijijini kwa Kiswahili, na mara nyingi husikilizwa na wazee wanaojadiliana kuhusu udongo wao kwa Kiiraqw au Kidatoga.

Kilimo endelevu, kwa maelezo ya kawaida, ni kilimo kinachotoa mavuno ya mwaka huu bila kula mtaji wa udongo, maji na mimea utakaotoa mavuno ya miaka ijayo. Chini ya mwavuli huo kuna kilimo hai, kisichotumia mbolea wala viuatilifu vya viwandani, na kuna kilimo hifadhi, ambacho hujengwa juu ya kanuni tatu zinazotegemeana: kutopindua udongo isipokuwa pale mbegu inapowekwa, kuuacha uso wa ardhi umefunikwa kwa mabaki ya mazao au mimea tambazi, na kubadilisha au kuchanganya mazao ili nafaka ifuatane na jamii ya kunde. Hakuna lolote kati ya haya ambalo mkulima wa nyanda za juu za Mbulu angelisikia akashangaa.

Katika miinuko ya Kainam, kwenye nchi ambayo Wairaqw huiita Irqwa Da'aw na wataalamu wengine huitaja kwa jina la Mama Isara, samadi hutolewa zizini na kubebwa hadi shambani, nyasi hufukiwa ndani ya tuta ili zioze humo, matuta hulazwa kukingama na mteremko ili maji yashuke polepole, na mabonde yenye unyevu huchimbiwa mifereji yakalimwa hata wakati wa kiangazi, huku mahindi yakichanganywa na maharage na maboga. Kwa muda mrefu wasomi waliamini kwamba Wairaqw walilima hivyo kwa kubanwa tu, kwa sababu walizingirwa na Wamasai wakakosa pa kuhamia. Mwanajiografia Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu historia ya kilimo cha nyanda hizi, aliyapinga maelezo hayo na kuonyesha kwamba mandhari ile ni zao la kazi ndogondogo zilizolimbikizwa msimu baada ya msimu, nyingi zikiwa hazikukusudiwa kuwa hifadhi ya udongo bali kumaliza palizi au kupata kitoweo. Jambo hilo lina maana kubwa kwa anayegawa fedha za mafunzo, kwani linaonyesha kwamba ujuzi wa kutunza ardhi unaweza kujengwa bila mradi, ila hauwezi kujengwa kwa haraka.

Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilitaka haraka. Mpango wa maendeleo wa Mbulu wa mwishoni mwa miaka ya 1940 ulikusudia kupunguza mifugo iliyoonekana kuzidi uwezo wa malisho na kufyeka vichaka vya mbung'o ili watu wapate pa kuhamia, na wataalamu wake walikuwa watoa amri kuliko walimu. Sehemu nyingine za nchi amri za namna hiyo zilizaa fujo, kama ilivyokuwa mwaka 1955 katika milima ya Uluguru, watu walipokataa kuchimba matuta kwa shuruti. Na si bure kukumbuka kwamba chuo kikuu kinachowasomesha maafisa kilimo wengi wa Tanzania leo kimejengwa chini ya milima hiyohiyo.

Mfano wa pili uko Basotu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania, iliyotaka kuacha kuagiza ngano nje, ilishirikiana na Kanada kufungua mashamba makubwa katika tambarare za Hanang, na shirika la umma la NAFCO hatimaye likawa na mashamba saba, miongoni mwao Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal, yaliyochukua jumla ya ardhi inayokaribia ekari 100,000. Kanada ilileta matrekta, kombaini za kuvunia, vipuri, watafiti waliofanya kazi na kituo cha Selian mjini Arusha, na pia nafasi za masomo kwa Watanzania waliokwenda kujifunza kilimo cha ngano, ufundi wa mitambo na usimamizi wa mashamba. Kwa kipimo cha idadi ya watu waliopata ujuzi, ruzuku ile ilifaulu: baada ya miaka kadhaa mashamba yaliendeshwa na Watanzania, na ngano ilivunwa kwa wingi.

Hata hivyo ardhi ile haikuwa tupu. Wabarabaig walikuwa wakiitumia kwa zamu za msimu, na sehemu zenye rutuba zaidi, wanazoziita muhajega, ndizo zilizokuwa malisho yao muhimu; zikawa ndizo zilizovutia plau. Malalamiko kuhusu malisho, njia za mifugo na makaburi ya wazee yaliyolimwa yalifika mahakamani, na katika miaka ya 1980 kesi ya Kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO, ambayo wanakijiji walishinda Mahakama Kuu na kushindwa Mahakama ya Rufani, ikaingia katika vitabu vya sheria ya ardhi nchini. Udongo nao ulitoa ushahidi wake, kwa kuwa eneo kubwa lililolainishwa kwa mashine na kuachwa wazi hadi mvua kubwa inyeshe lilichimbika makorongo. Kanada ilipojitoa katika miaka ya 1990, mashine na vipuri vya kigeni vilikuwa mzigo, na baadaye baadhi ya mashamba yakarudishwa kwa wananchi na mengine yakapewa wawekezaji.

Kosa la Basotu halikuwa la darasani. Wataalamu walisomeshwa vizuri, tena sana, lakini swali walilosomeshwa kulijibu lilikuwa jinsi ya kuendesha shamba la kombaini katika Hanang, ilhali swali la jinsi mchungaji, mkulima mdogo na tambarare yenye mvua za kubahatisha wanavyoweza kudumu pamoja halikuwamo katika mtaala. Anayesoma leo tangazo la ruzuku kwa ajili ya "kujenga uwezo wa wataalamu" angefanya vema kuangalia kwanza ni swali gani lililoandikwa juu ya ukurasa, ndipo ahesabu fedha.

Ngazi anayopanda mtaalamu wa kilimo nchini inajulikana. Chini kuna astashahada na stashahada zinazotolewa na vyuo vya Wizara ya Kilimo, maarufu kwa jina la MATI, na vile vya mifugo vya LITA, na vilivyo karibu zaidi na Manyara viko Tengeru, nje kidogo ya Arusha; juu yake kuna shahada, ambayo wengi huifuata Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichozaliwa Julai 1984 kutokana na kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro. Norwei imekuwa ikifadhili kazi za Morogoro tangu 1973, na katika karne hii ilitoa fedha kwa programu za PANTIL na EPINAV, ambazo ziliunganisha utafiti wa wahadhiri na matatizo ya wakulima huku zikilipia masomo ya juu ya wataalamu.

Kati ya mipango iliyopitia SUA, mmoja unastahili kuangaliwa kwa karibu, nao ni ule uliosaidiwa na mfuko wa Sasakawa wa Japani kwa elimu ya ugani Afrika, ulioanzia Ghana na kufika Morogoro mwishoni mwa miaka ya 1990. Mpango huo uliwalenga maafisa ugani waliokwisha fanya kazi miaka mingi wakiwa na cheti au stashahada tu, watu ambao mfumo wa kawaida wa udahili uliwaona wamezeeka, na sharti lake kubwa lilikuwa kwamba kabla ya kuhitimu mwanafunzi arudi katika eneo lake la kazi, akae na wakulima kwa miezi kadhaa na kuendesha mradi uliobuniwa pamoja nao, ndipo aandike. Mtaalamu aliyesomeshwa hivyo hutoka chuoni akiwa na majina ya watu wanaomsubiri. Ruzuku nyingi humpeleka afisa mbali na kijiji na kumwachia digrii ambayo ni tiketi ya kuhamia makao makuu ya mkoa. Hii ya Sasakawa ilikifanya kijiji kuwa mtihani wake.

Njia nyingine ya kufundisha, ambayo inagharimu kidogo na kufundisha mtaalamu na mkulima kwa wakati mmoja, ni shamba darasa. Mbinu hii ilianzia Indonesia mwaka 1989, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipowasaidia wakulima wa mpunga kujichunguzia wadudu badala ya kupuliza dawa kwa kalenda, na katika miaka ya 2000 mradi wa FAO uliogharimiwa na Ujerumani uliitumia kueneza kilimo hifadhi katika wilaya za kaskazini mwa Tanzania, zikiwemo Arumeru na Karatu, jirani na Mbulu, ukiongozwa na kituo cha Selian. Mwaka 2006 shirika la RECODA la Arusha, kwa ufadhili wa mfuko wa Rockwool wa Denmark, lilianza Arumeru mpango wa RIPAT, ambamo kikundi cha wakulima hupewa kapu la mbinu nyingi na kuchagua zinazowafaa, na mkulima aliyepewa mnyama au mbegu hulipa kwa kumpa mwenzake kiasi kilekile.

Yanayofanyika katika shamba darasa ni mambo ya mikono. Mkufunzi huanza kwa kuchimba mashimo mawili, moja katika ardhi iliyolimwa kwa plau miaka mingi na lingine katika ardhi iliyopumzishwa au kuchanwa kwa ripa, chombo kinachokokotwa na ng'ombe na kufungua mfereji mwembamba wa mbegu bila kupindua tifutifu. Katika shimo la kwanza, upana wa kiganja au viwili chini ya uso, sepetu hugonga tabaka gumu lililokandamizwa na jembe lilipopita kina kilekile kila mwaka, na mizizi ya mahindi huonekana imepinda na kutambaa juu yake kama iliyofika kwenye sakafu. Kisha maji hutiwa katika mashimo yote mawili, na washiriki huhesabu muda yanaochukua kuzama. Somo la makinga maji hutumia kifaa rahisi zaidi, fremu ya A, ambayo ni fito mbili zilizofungwa juu, fito ya tatu ikikata katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni: fremu inapotembezwa kukata mteremko, kamba ikiangukia alama ya katikati, miguu miwili iko usawa mmoja, na hapo hupigwa kigingi. Mstari wa vigingi ndio utakaochimbwa mfereji na kupandwa majani ya tembo, yanayoshika udongo na kulisha ng'ombe. Udongo wa mfereji ukitupwa upande wa juu, kinga hiyo huitwa fanya juu, jina la Kiswahili ambalo limeingia katika vitabu vya sayansi ya udongo vya lugha nyingine bila kutafsiriwa. Ni miongoni mwa maneno machache ya taaluma hii yaliyosafiri kutoka huku kwenda kule.

Mtaalamu aliyefuzu masomo haya hukutana na vikwazo ambavyo mtaala huvipitia harakaharaka. Cha kwanza ni mabua. Kilimo hifadhi huhesabu kwamba angalau asilimia 30 ya uso wa shamba ibaki imefunikwa baada ya kupanda, lakini Mbulu na Hanang ni nchi za ng'ombe, na kwa desturi mavuno yakishatoka mwezi Julai au Agosti shamba huwa malisho ya wote. Anayemwambia mfugaji wa Balangdalalu ayaache mabua yaoze anamwambia awanyime ng'ombe chakula katika miezi ambayo hakuna kingine, na jibu la heshima atakalopewa ni kimya. Mafunzo yenye maana hapa hulazimika kuvuka mpaka wa kilimo na mifugo, kwa kuzungumzia majani ya kukatwa, ngwara inayofunika ardhi na kuliwa, na sheria ndogo za kijiji kuhusu kuchunga mashambani. Lakini afisa wa kilimo na wa mifugo husoma vyuo tofauti, na ruzuku zao hutoka mifuko tofauti.

Cha pili ni soko. Mbaazi, inayopandwa katikati ya mahindi, hurudisha naitrojeni ardhini, majani yake huanguka na kufunika udongo, na mizizi yake mirefu hupenya tabaka gumu, kwa hiyo kila mtaala wa kilimo endelevu kaskazini mwa Tanzania huisifu. Mwezi Agosti 2017 India, iliyokuwa mnunuzi mkuu, iliwekea ukomo uagizaji wa zao hilo, bei ikaanguka vibaya, na maafisa waliokuwa wamelihubiri miaka mingi wakabaki na maelezo ya udongo mbele ya watu waliouliza habari za ada za shule. Si haki kumtaka afisa ugani wa kata ajue siasa za chakula za New Delhi, ila ni haki kumtaka anayefadhili mafunzo yake aweke ndani yake somo la masoko.

Halafu kuna mambo yasiyofundishika. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za Katesh, Gendabi na Jorodom, watu zaidi ya 80 wakafa, na haraka sana zikatokea hoja kwamba wakulima walioharibu mlima ndio chanzo. Maelezo ya serikali yalitaja sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyonyonya maji ikameguka. Makinga maji ya shamba hayazuii mlima, na anayeandika andiko la mradi akiahidi hivyo anauza asichonacho.

Andiko, kwa lugha ya ofisi, ni maombi ya fedha yenye malengo, bajeti na viashiria, na humo ndimo hatima ya mafunzo huamuliwa. Kiashiria kinachopendwa ni idadi ya waliofundishwa, kwa kuwa ni rahisi kuhesabika kwa karatasi ya mahudhurio, na kifungu kinachonenepa haraka ni cha posho, ukumbi na usafiri wa semina, wakati fremu ya A haina gharama ya kuandikwa. Utaratibu wa utawala huongeza ugumu: tangu ugatuzi wa huduma za ugani mwishoni mwa miaka ya 1990, afisa ugani ni mwajiriwa wa halmashauri iliyo chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, huku sera na mitaala ikibaki Wizara ya Kilimo, na hivyo fedha inayoingia wizarani kwa jina lake inaweza kumaliza safari yake kabla ya kufika Dongobesh au Endasak. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi Sh bilioni 954 mwaka uliofuata, na Aprili 2022 serikali ilianza kugawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani pamoja na vipima udongo; pikipiki ni ruzuku inayoonekana, na swali la petroli ya mwezi wa nne ndilo linaloamua iwapo masomo ya Tengeru yatafika Yaeda Ampa. Umuhimu wa fedha ya ndani ulionekana zaidi Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na shughuli nyingi zilizofadhiliwa na USAID zikasimama katikati ya mwaka wa kazi.

Kwa gharama ndogo kabisa, elimu fulani hupita nje ya mlango wa ofisi. Jarida la Mkulima Mbunifu, linalochapishwa kwa Kiswahili tangu 2011 kuhusu kilimo hai na utunzaji wa mazingira, limemfikishia mkulima yale ambayo vitabu vya SUA humweleza mtaalamu kwa Kiingereza, na mkakati wa kitaifa wa kilimo hai cha kiikolojia wa 2023 hadi 2030, uliozinduliwa Novemba 2023, umezipa kazi za namna hiyo mahali pa kusimama katika mipango ya serikali.

Linalobaki ni kalenda, na halitajwi vya kutosha. Mvua za Mbulu na Hanang huanza Novemba au Desemba na kwisha Mei. Mahindi hupandwa mwanzo wa mvua, ngano ya tambarare hungoja Februari au Machi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, wa Marekani huanza Oktoba, na mashirika mengi ya Ulaya huhesabu kuanzia Januari. Ruzuku ya mwaka mmoja inayosainiwa Januari humkuta mkulima amekwisha panda, kwa hiyo wataalamu hukusanywa ukumbini Machi na kuonyeshwa picha, shamba darasa huandaliwa Oktoba, mbegu huwekwa mvua inapoanguka, na taarifa ya mwisho huandikwa Desemba, mahindi yakiwa na majani mawili.